Allan Charles Wilson

Allan Charles Wilson (Ngaruawahia, New Zealand, 18 Oktoba 1934 – Seattle, Marekani, 21 Julai 1991) alikuwa mwanabiokemia na profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza kutumia hesabu juu ya protini na DNA za viumbe walio hai ili kujua ni spishi zipi zenye undugu wa karibu na zilitengana lini.

Kazi zake kadhaa zinahusu Afrika moja kwa moja: wakati wa kutengana kwa binadamu na sokwe, asili ya Kiafrika ya binadamu wa sasa, na undugu wa samaki wanaoitwa furu katika Ziwa Viktoria. Kila hesabu aliyoifanya ilisimama juu ya dhana fulani iliyopaswa kuhakikiwa. Sehemu ya ushahidi wa kuihakiki ilipatikana Afrika ya Mashariki, ukiwemo ule wa bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania.

Maisha

Wilson alizaliwa katika kisiwa cha kaskazini cha New Zealand na kukulia shambani karibu na mji wa Pukekohe. Alisoma sekondari katika shule ya King's College mjini Auckland, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Otago, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1955. Baadaye alihamia Marekani. Alipata shahada ya uzamili katika elimu ya wanyama kutoka chuo kikuu cha jimbo la Washington mwaka 1957, na shahada ya uzamivu kutoka Berkeley mwaka 1961.

Baada ya miaka mitatu ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Brandeis, alirudi Berkeley mwaka 1964 kama mwalimu wa biokemia. Alifanya kazi huko hadi kufa kwake. Mwaka 1986 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, na mwaka huohuo akapewa tuzo ya taasisi ya MacArthur. Alikuwa na mke na watoto wawili. Alifariki kwa kansa ya damu akiwa na umri wa miaka 56, alipokuwa akitibiwa mjini Seattle.

Hesabu ya mti wa ukoo

Kazi ya Wilson inaeleweka vizuri zaidi ikianzwa na hesabu yenyewe. DNA ni kama maandishi marefu yenye herufi nne tu. Mzazi anapomrithisha mtoto, mara chache herufi moja hubadilika. Spishi mbili zilizotoka kwa babu mmoja huendelea kukusanya mabadiliko kila moja kwa upande wake, na tofauti kati yao huongezeka kadiri miaka inavyopita.

Tuchukue mfano wa kubuni wa spishi tatu, A, B na C, zilizolinganishwa katika herufi 100. A na B zinatofautiana katika herufi 2. A na C zinatofautiana katika herufi 6, na B na C pia katika herufi 6. Mtu yeyote atakisia kwamba A na B ni ndugu wa karibu, na kwamba C alijitenga mapema. Ikiwa mabadiliko hutokea kwa kasi moja, utengano wa C ni wa zamani mara tatu kuliko ule wa A na B.

Ugumu hujitokeza spishi zinapoongezeka. Kwa spishi 3 kuna miti 3 inayowezekana. Kwa spishi 4 iko 15, yaani 1×3×5. Kwa spishi 5 iko 105, yaani 1×3×5×7. Kwa kuendelea kuzidisha namba witiri hivyohivyo, spishi 10 zina miti 34,459,425, na idadi ya miti ya spishi 20 ina tarakimu 22. Hakuna awezaye kuichunguza yote mmoja mmoja. Kwa hiyo wataalamu hutumia programu za kompyuta zinazotafuta mti wenye mabadiliko machache zaidi, au mti unaolingana zaidi na uwezekano wa takwimu. Programu hizo huweza kupita mti bora bila kuuona.

Ugumu mwingine ni kwamba herufi moja inaweza kubadilika mara mbili au zaidi, na badiliko la pili hufuta alama ya lile la kwanza. Mwaka 1969 Thomas Jukes, aliyekuwa Berkeley pia, pamoja na Charles Cantor walitoa kanuni ya logi ya kusahihisha jambo hili. Kwa kanuni yao, ikiwa herufi 30 katika kila 100 zinaonekana kutofautiana, mabadiliko yaliyotokea kweli ni takriban 38.

Saa ya molekuli

Wazo kwamba mabadiliko ya protini yanaweza kutumika kama saa lilitolewa na Emil Zuckerkandl na Linus Pauling mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wilson alilitumia kwa ukoo wa binadamu akishirikiana na Vincent Sarich, aliyekuwa mwanafunzi wa anthropolojia huko Berkeley. Makala yao kuhusu umri wa ukoo wa binadamu ilitoka katika jarida la Science mwaka 1967.

Wakati huo kusoma herufi za DNA kulikuwa bado hakuwezekani kwa urahisi. Walitumia albumini, protini iliyo nyingi katika damu. Sungura alidungwa albumini ya binadamu, na mwili wake ukatengeneza kingamwili dhidi ya protini hiyo. Kingamwili hizo zilijaribiwa kwa albumini ya sokwe, gorila, nyani na wanyama wengine. Kadiri albumini ya mnyama inavyofanana na ya binadamu, ndivyo kingamwili zinavyoishika kwa nguvu. Nguvu hiyo ilipimwa na kugeuzwa kuwa namba.

Sarich na Wilson walipochukua logi za namba hizo, waliona kwamba umbali kati ya binadamu na sokwe ni takriban sehemu moja ya sita ya umbali kati ya binadamu na nyani wa Afrika na Asia. Walichukua kwamba ukoo wa nyani ulitengana na ukoo wa masokwe na binadamu miaka milioni 30 iliyopita. Sehemu moja ya sita ya milioni 30 ni milioni 5. Hivyo walihitimisha kwamba babu wa pamoja wa binadamu na sokwe aliishi miaka milioni 5 hivi iliyopita.

Dhana kubwa hapa ni kwamba saa hukimbia kwa kasi moja katika kila tawi. Waliipima kwa njia isiyohitaji umri wa kisukuku chochote. Ikiwa albumini ya binadamu imebadilika polepole kuliko ya sokwe, basi binadamu anapaswa kuwa karibu zaidi na nyani kuliko sokwe alivyo karibu na nyani. Vipimo vilionyesha kwamba umbali wa wote wawili hadi kwa nyani ni karibu sawa. Kipimo hiki cha kulinganisha kasi bado hutumika hadi leo.

Mabishano kuhusu visukuku

Wataalamu wengi wa visukuku hawakukubali. Katika miaka ya 1960 iliaminika kwamba ukoo wa binadamu ulikuwa umekwisha kujitenga zaidi ya miaka milioni 14 iliyopita. Ushahidi wao ulikuwa vipande vya taya na meno vya kiumbe aliyeitwa Ramapithecus, aliyepatikana kwanza Bara Hindi mwaka 1932. Nchini Kenya, Louis Leakey alikuwa ameeleza mwaka 1962 kiumbe aliyefanana naye, Kenyapithecus wickeri, kutoka Fort Ternan. Leakey alimhesabu katika ukoo wa binadamu, na aliipinga saa ya molekuli.

Hesabu ya Wilson na Sarich ilimaanisha kwamba kiumbe wa miaka milioni 14 hawezi kuwa wa ukoo wa binadamu peke yake, hata meno yake yafanane vipi na yetu. Mabishano yalidumu zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1982 David Pilbeam, aliyekuwa mmoja wa watetezi wa Ramapithecus, alieleza uso wa kiumbe wa jamii hiyohiyo uliopatikana Pakistan. Uso huo ulifanana na wa orangutani wa Asia. Ramapithecus akaondolewa katika orodha ya wazee wa binadamu.

Visukuku vya Afrika ya Mashariki vilivyopatikana baadaye vililingana zaidi na saa ya Wilson. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa katika miaka ya 1970, zina umri wa miaka milioni 3.66 hivi, na waliozikanyaga walitembea wima kwa miguu miwili. Makadirio mengi ya sasa huweka utengano wa binadamu na sokwe nyuma kidogo kuliko miaka milioni 5. Sababu mojawapo ni kwamba saa haikimbii kwa kasi moja kila mahali, kwani viumbe wanaochelewa kuzaa huelekea kukusanya mabadiliko polepole zaidi. Hata hivyo jibu la mwaka 1967 lilikuwa karibu sana na ukweli kuliko lile lililotegemea meno ya Ramapithecus.

Ushahidi wa bonde la Rukwa

Miaka milioni 30 waliyoanzia Sarich na Wilson haikuwa na kisukuku cha kuithibitisha wakati huo. Visukuku vya nyani vilivyofahamika vilikuwa na umri wa takriban miaka milioni 20 tu. Kama utengano wa nyani na masokwe ungekuwa wa karibuni zaidi, kila tarehe iliyofuata katika hesabu yao ingepungua kwa kadiri hiyohiyo.

Ushahidi ulipatikana zaidi ya miaka 20 baada ya Wilson kufa. Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na Nancy Stevens lilitangaza katika jarida la Nature visukuku viwili kutoka miamba ya Nsungwe katika bonde la ufa la Rukwa. Bonde hilo linaenea katika sehemu za mikoa ya sasa ya Rukwa, Songwe na Mbeya, na ndilo lenye makazi kama Msangano katika wilaya ya Momba. Kisukuku cha kwanza ni taya la Rukwapithecus fleaglei, mnyama wa upande wa masokwe. Cha pili ni kipande cha taya chenye jino la Nsungwepithecus gunnelli, mnyama wa upande wa nyani. Vyote viwili vina umri wa miaka milioni 25.2.

Kisukuku hutoa umri wa chini kabisa wa tawi lake. Ikiwa wanyama wa pande zote mbili walikwisha kuwepo miaka milioni 25.2 iliyopita, utengano wao ulitokea kabla ya hapo. Jambo hilo linaafikiana na makadirio ya saa ya molekuli, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa yametangulia mbele ya ushahidi wa ardhini.

Protini na mwonekano

Mwaka 1975 Wilson na mwanafunzi wake Mary-Claire King walionyesha kwamba protini za binadamu na sokwe zinafanana kwa takriban asilimia 99. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kueleza tofauti kubwa za umbo, ubongo na maisha. Walipendekeza kwamba tofauti muhimu zimo katika sehemu za DNA zinazoamua jeni ifanye kazi lini na kwa kiasi gani. Pendekezo hilo liliongoza utafiti mwingi wa miaka iliyofuata.

Mama wa mitokondria

Mitokondria ni sehemu ndogo za seli zinazotengeneza nguvu, nazo zina DNA yao fupi. Mtoto huirithi kwa mama peke yake. Mwaka 1979 Wilson na wenzake walionyesha kwamba DNA hiyo hubadilika haraka kuliko ile ya kiini cha seli, kwa hiyo inafaa kupima matukio ya karibuni.

Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Wilson walichapisha katika Nature ulinganisho wa DNA ya mitokondria ya watu 147 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Sampuli nyingi zilitoka katika kondo la nyuma la akina mama waliojifungua. Walipata aina 133 za DNA hiyo na kuzipanga katika mti mmoja. Mti ulikuwa na matawi mawili makuu: moja la Waafrika watupu, na jingine lenye watu wa kila bara, Afrika ikiwemo. Kutokana na hayo walisema kwamba mama wa pamoja wa matawi yote aliishi Afrika miaka 200,000 hivi iliyopita.

Magazeti yalimwita Hawa, na wasomaji wengi walielewa kwamba alikuwa mwanamke pekee duniani. Hesabu haisemi hivyo. Mwanamke aliyezaa watoto wa kiume tu hawezi kuendeleza DNA yake ya mitokondria, ingawa wajukuu zake wanarithi sehemu nyingine za DNA yake. Ndivyo jina la ukoo linalofuata baba linavyopotea katika nyumba yenye mabinti tu. Vizazi vinapopita, mistari ya akina mama hukatika mmoja baada ya mwingine hadi ubaki mmoja. Mama huyo aliishi pamoja na wanawake wengine wengi, na wengi wao ni wazee wetu kwa njia nyingine.

Udhaifu wa utafiti huo ulikuwa katika sampuli. Kati ya watu 20 waliohesabiwa kuwa Waafrika, 18 walikuwa Wamarekani weusi na 2 tu walizaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Hoja kubwa kuhusu Afrika ilikuwa imesimama juu ya Waafrika wachache mno.

Wilson na wenzake walirudia kazi hiyo kwa njia bora zaidi. Linda Vigilant alikuwa ameonyesha mwaka 1989 kwamba herufi za DNA ya mitokondria zinaweza kusomwa kutoka unywele mmoja uliong'olewa. Makala mpya ilitoka katika Science mnamo Septemba 1991, miezi miwili baada ya kifo cha Wilson. Ilikuwa na watu 189, na 121 kati yao walikuwa Waafrika wa barani, wakiwemo Wahadzabe wa Tanzania na Wambuti wa mashariki mwa Kongo. Safari hii sokwe alitumika kama spishi ya nje ya kuonyesha mzizi wa mti, na mzizi ukaangukia tena Afrika.

Kasoro katika mti

Mwaka 1992 wataalamu kadhaa, akiwemo Alan Templeton, waliichunguza upya data ya makala hiyo. Waligundua kwamba programu ilikuwa imesimama kabla ya kuchunguza miti ya kutosha. Ipo miti mingine mingi, baadhi ikiwa na mabadiliko machache zaidi, na katika baadhi yake mzizi haukuwa Afrika. Stoneking mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wa mojawapo ya makala zilizokiri udhaifu huo. Takwimu zilizotolewa hazikutosha kuthibitisha asili ya Kiafrika.

Hitimisho lenyewe liliokolewa na data nyingi zaidi. Mwaka 2000 kundi la Uswidi na Ujerumani lilisoma DNA nzima ya mitokondria ya watu 53. Matawi ya mwanzo kabisa ya mti yalikuwa ya Waafrika, na safari hii uthibitisho wa takwimu ulikuwa imara. Utafiti wa sehemu nyingine za DNA umeafikiana nao, ukiongeza kwamba watu wa nje ya Afrika wana pia sehemu ndogo ya DNA kutoka kwa Neanderthal.

Kwaga na furu

Mwaka 1984 maabara ya Wilson ilitangaza kusoma DNA kutoka ngozi ya kwaga, mnyama wa jamii ya punda milia wa Afrika Kusini aliyetoweka mwaka 1883. Ngozi hiyo ilikuwa imehifadhiwa katika makumbusho kwa miaka 140 hivi. Herufi 229 zilisomwa, na 12 zilitofautiana na zile za punda milia wa milimani. Ilikuwa mara ya kwanza DNA ya mnyama aliyetoweka kusomwa, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwaga alikuwa wa spishi moja na punda milia wa kawaida anayeonekana Serengeti.

Mwaka 1990 Axel Meyer, Thomas Kocher, Pereti Basasibwaki wa Uganda na Wilson walichapisha utafiti wa furu wa Ziwa Viktoria. Ziwa hilo lilikuwa na mamia ya spishi za furu, wengine wakila mwani, wengine konokono, wengine samaki wadogo. Wapo wataalamu waliodhani kwamba furu walitoka kwa mababu kadhaa tofauti. Watafiti walisoma herufi 803 za DNA ya mitokondria kutoka spishi 14 za ziwa hilo. Tofauti zilikuwa chache kuliko zile zilizopo baina ya binadamu. Walihitimisha kwamba furu hao walitoka katika ukoo mmoja na walianza kugawanyika chini ya miaka 200,000 iliyopita.

Wakati makala inatoka, spishi nyingi za furu zilikuwa zimekwisha kutoweka au kupungua sana, hasa kwa kuliwa na sangara aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950. Utafiti wa DNA nyingi zaidi umeonyesha kwamba historia ya furu ina pia uchotara wa koo mbili za kale, jambo ambalo DNA ya mitokondria peke yake haiwezi kuonyesha kwa sababu inafuata mstari wa mama tu.

Urithi

Wanafunzi na wasaidizi wa Wilson wameongoza fani hii kwa miongo kadhaa. Mary-Claire King alikuja kuthibitisha kuwepo kwa jeni ya BRCA1 inayohusiana na saratani ya matiti. Svante Pääbo, aliyefanya utafiti katika maabara yake baada ya shahada ya uzamivu, alisoma DNA ya Neanderthal na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Huko New Zealand kituo cha utafiti cha Allan Wilson Centre kilianzishwa mwaka 2002 kwa kumbukumbu yake, kikiwaunganisha wanabiolojia na wanahisabati wanaoshughulikia kanuni za kuchora miti ya mageuko. Kanuni hizo sasa hutumika katika mambo ambayo Wilson hakuyagusa, kama kufuatilia njia za kuenea kwa virusi vya UKIMWI, Ebola na korona kutoka mtu hadi mtu na nchi hadi nchi.